Chukudu Juu ya Bahari

Mwezi yenye ilipita nilitoa ufunguo ya studio mu mufuko yangu, nikamupatia Kahindo, mutoto ya dada yangu. Yeye anapiga picha na mashini yenye haina hata pelikule ndani, ule mukanda wa filimu, na siku zingine anapiga na simu tu. Aliniambia: «Noko, andika namna mulikuwa munafanya. Sisi tukisikia munasema labo, retushi, dekoro, tunaona sawa munaongea Kilatini ya misa.» Donc naandika, mu kaye ya shule, na biki ya bleu. Masomo yangu ilisimama ku mwaka ya ine ya primere. Kama uko mwalimu na unasoma hii, weka biki yako nyekundu chini kwanza.

Sitaandika franga zenye nilipata, wala nyumba yenye nilijenga. Nyumba iko juu ya kilima, kila mutu mu Butembo anaiona, haina haja ya kaye.

Mbele ya kuwa Papa Foto, nilikuwa mutu wa chukudu. Ninyi ba mugini munaijua, mais naandika kwa yule mwenye atasoma mbali: ni kinga ya mbao yenye haina pedale. Mbao moja ndefu, magurudumu mbili ya muti, na gidoni mbele ya kushika. Kilima unaipanda ukisukuma. Kushuka, unasimama juu ya mbao, gunia za biazi mbele yako, magoti imekunjika kidogo, mikono ku gidoni, na unaombea freni. Freni ni kandambili yako. Mimi nilishuka na biazi bilima byote bya Lubero, na sikuanguka. Mara mbili tu, na mara ya pili ilikuwa kosa ya mbuzi.

Siku moja nilipeleka biazi kwa Mzee Paluku ku Lubero, ule mwenye alikuwa anapiga picha za ndoa na za batizo ku misioni. Alikuwa inje na bibi-arusi, na upepo ilikuwa inabeba shuka yenye aliweka nyuma yake. Akaniita nishike ile shuka. Nilisimama na mikono juu mupaka akamaliza, na mikono ilikuwa inaniwaka moto. Hakusema aksanti. Alisema tu: «Unajua kusimama. Kesho rudi.»

Njo vile niliingia mu kazi. Miezi sita hakuniachia niguse apareyi ya picha. Nilikuwa nasafisha sahani za dawa, nabeba maji ya baridi, najifunza harufu. Mu labo, yaani ile chumba ya giza, hauna macho, uko na pua tu. Dawa ya kwanza inaleta sura ku karatasi, dawa ya pili inaifunga isikimbie. Ukichanganya hizi mbili, bibi-arusi ya mutu inapotea mbele yako, na ndoa haiwezi kurudiliwa. Mimi niliharibisha ndoa moja tu. Balizaa batoto saba, donc haikubaletea mikosi.

Kitu kikubwa yenye Mzee Paluku alinipatia ni retushi. Unachukua negatifu, ile pelikule yenye nyeupe inaonekana nyeusi, unachonga kreyo, kalamu ya muti, na wembe mupaka inachoma sawa mwiba, na unajaza kidogo kidogo mu mikunjo ya uso. Ukitoa picha, mikunjo imepotea. Mashavu yenye iliingia ndani, unaijaza, mutu anakuwa sawa mwenye alikula nyama jana. Mvi unaifunika na wino ku picha yenyewe. Nilikuwa na mukono ya kazi hii. Hata Mzee alikubali, na ule mutu hakukuwa anakubali kitu. Mais kila mara alikuwa ananirudilia neno moja: «Acha mukunjo moja. Siku utafuta yote, mama yake atauliza ule ni nani.»

Nilisikia. Kijana anasikia na masikio, hapana na kichwa.

Kisha Mzee kupumzika, aliniachia agrandiseri yake, ile mashini ya kukuza picha, nikashuka Butembo na kufungua studio karibu na soko. Mwanzo nilikuwa na rido tu nyuma ya batu, pazia nyekundu. Halafu vita ikaja. Ile ya kwanza ilipita sawa mvua ya mangaribi. Ya pili ilikaa. Inchi ilikatika mbili, sisi tukabakia kwa upande ya baasi, Kinshasa ikawa sawa inchi ya ngambo. Kupiga picha inje ilikuwa makosa: ukitoa apareyi mu barabara, soda na bunduki yake anakuuliza unamupigia nani. Na zile pelikule za rangi zenye tulikuwa tunatuma Kampala kusafisha, barabara ilikuwa inafunga siku yenye inataka. Bapiga picha bengine balifunga milango. Mimi nilitoa agrandiseri ya Mzee chini ya kitanda, nikarudilia picha nyeusi na nyeupe, na nikakuwa fotografe mukubwa wa mugini. Sisemi hii juu ya kujisifu. Hakukuwa mwingine.

Mu vita batu bananunua picha kuliko mu amani. Hii hakuna mutu aliniambia, niliiona mwenyewe. Kila mutu anataka kuacha sura yake mahali. Mais hakuna mwenye anataka ukuta yenye risasi ilitoboa ikuwe nyuma yake. Kijana mumoja aliniambia: «Papa Foto, niweke mahali pengine.» Nikamuuliza wapi. Akasema: «Wapi tu.»

Na hapo njo bahari iliingia Butembo.

Iliingia mu balo ya nguo za mitumba. Jirani yangu, Mama Masika, mufanya biashara mukubwa, alifungua balo moja na kutoa tuchemishi, tushati twa maua, bikaputula bya rangi, kofia za majani. Nguo za batu benye kazi yao ni kulala ku jua. Ndani mulikuwa singileti moja yenye picha: mutu amesimama juu ya mbao, nyuma yake maji imeinuka sawa kilima, magoti imekunjika, mikono mbele. Ile picha ilishafuliwa sana, nusu ya chini ilikuwa imebambuka. Nikaangalia nikasema, hii naijua. Nikanunua ile singileti, nikanunua amerikani meta tano na rangi ya mafuta, nikachora dekoro yangu, ile kitambaa ya kusimamisha nyuma ya bateja, mimi mwenyewe, siku nne, bila mutu kunifundisha.

Kwa mahali yenye ilibambuka, nilijaza na akili. Mutu amesimama juu ya mbao, anashuka, magoti imekunjika, mikono mbele: anashika nini? Anashika gidoni, wazi. Nikamuwekea gidoni. Na mbao haiwezi kushuka bila magurudumu. Nikaweka magurudumu mbili. Wimbi niliichora na mistari ya kukata, sawa shamba zetu zenye ziko ku kilima, juu bila mistari udongo inatelemuka. Maji kubwa yenye nilishaona mu maisha yangu ilikuwa ziwa ya Vitshumbi, siku moja, na siku ile ilikuwa imelala.

Batu balikuja sawa siku ya Pasaka. Nilikuwa na manjanja ya jua mawili, zile miwani nyeusi, kofia moja ya majani, na chemishi ya maua yenye ilivaliwa na nusu ya Butembo. Inje baridi ya asubui, batu na bakoti. Ndani, vijana na bikaputula, banatetemeka na kucheka meno. Bibi na bwana ba miaka makumi sita balikuja kusimama ku plaji, ku muchanga ya bahari yangu, mukono mu mukono. Abe mumoja, padiri, alikuja, akakataa kaputula, mais manjanja ya jua alivaa.

Nilipeleka bahari mupaka Beni, imekunjwa sawa mukeka juu ya kamio ya mizigo. Ku bariere ya barabara basoda baliifungua, banafikiri ni karte ya vita. Mukubwa wao akaniuliza hii ni mupaka ya wapi. Nikasema ni bahari. Akaangalia sana, kisha akasema bapigwe picha bote, pale pale, yeye mwenye kazi yake ilikuwa kukataza picha za inje. Balijipanga na bunduki zao. Nikabaambia: «Ku plaji hakuna bunduki.» Sijui nguvu ilitoka wapi. Baliangaliana, halafu baliziweka chini nyuma ya kamio, na kusimama mbele ya bahari mikono wazi, sawa batu benye hawajui mikono inawekwa wapi. Ile picha njo naipenda kuliko zingine za kazi yangu.

Ku Beni, kule kwenye joto, jambo iliwaka moto. Nganda moja, mahali ya kunywa pombe, ilileta muchanga ya mutoni, ikamwanga mu parsele, mu kiwanja yake, ikaandika «Plaji» ku mulango. Vijana bakaanza kutembea na bikaputula bya maua mu barabara. Studio tatu ziliiga dekoro yangu, na moja ya Kalunguta tena. Banasema hawakuiga. Sasa nauliza: kama hawakuiga, juu ya nini bahari zao zote zilikuwa na gidoni?

Sasa naingia kwa Mwalimu Puati. Alikuwa mwalimu ya jeografia, serikali ilimutuma kwetu mbele ya vita kutoka Moanda, kule mwisho wa inchi, pahali Congo inagusa bahari ya kweli. Vita ilimufungia huku. Mushahara ilibakia kwa upande ingine, yeye kwa upande huu, na bazazi ba banafunzi balikuwa banamulipa na maharagi. Mutu mwembamba, murefu, Kiswahili yake ilikuwa nusu Lingala.

Siku ya kwanza alikuja kwa picha ya kadi. Akainua macho, akaona dekoro. Akacheka mupaka akakaa chini ku kiti ya bateja. Mimi nikasimama tu. Hakuna mutu alishacheka bahari yangu.

«Papa Foto, boye te,» akasema, anapanguza macho. «Vile hapana. Hii ni kilima ya Lubero, ulipanda hata biazi ndani. Na ule mutu iko juu ya chukudu.»

«Sasa anashika wapi?»

«Hashike. Anasimama tu. Mbao inateleza juu ya maji, yeye anasimama.»

Nikamwambia hii haiwezekane, mimi nilifanya kazi ya chukudu miaka, mutu bila gidoni anaanguka. Akasema njo maana ni muchezo. Halafu akaangalia tena ile gidoni, na sauti yake ikashuka. Alisema kama alipofika kwetu, mu barua ya kwanza, alimwandikia mama yake juu ya ile kinga ya mbao ya batu ba milima, na mama, mwenye hajue kusoma, alimwambia soeri, sista ya misioni, amusomee pale mara tatu. Alicheka kila mara. Hakukuwa anaamini.

Kisha hapo alikuwa anakuja kila mangaribi kisha darasa. Alinieleza mambo ya ile muchezo, na mimi naiandika hapa juu hakuna mwingine mu Butembo mwenye anaijua. Ilianza kwa batu ba bisiwa bya mbali sana, mu bahari ile kubwa ya upande ingine ya dunia. Kule bamwami na raia bote balikuwa banapanda mawimbi, mais mwami alikuwa na mbao yake ndefu, ya muti ya heshima, na mbele ya kukata ule muti balikuwa banaomba. Bamisionere balifika, bakaona batu uchi banacheka mu maji siku ya kazi, bakakemea. Muchezo ikabakia karibu kufa. Nikauliza bamisionere gani. Akasema Baprotestanti. Nikapumua.

Halafu, akasema, bajukuu ba bale batu baliiamusha tena, bazungu bakaiona, bakaipeleka kwao, bakaitia mu filimu, mu miziki, mu nguo, mupaka mutu mwenye haogelei anavaa ile kaputula. «Na nguo ikichakaa,» akasema, «inakuja kwa balo ya Mama Masika.» Mais ku Moanda, na ku bahari yote ya upande ule ya Afrika, batoto hawakungojea muzungu. Balikuwa banaokota kipande ya mutumbwi yenye ilivunjika, banaingia mu maji, banalala juu yake na tumbo, wimbi inabarudisha ku muchanga. Bazee bao balifanya vile vile. Yeye Puati alivunjika jino pale.

Alinichorea wimbi na shoki ya darasa ku sima ya chini ya studio. «Kilima inakaa,» akasema. «Wimbi haikae. Inainuka, inafikiri kidogo, halafu inaanguka juu ya kichwa yake yenyewe.» Siku tatu tulipaka rangi pamoja. Tulitoa mashamba, tulitoa magurudumu, tulitoa gidoni. Bahari ikatoka muzuri mupaka nikasikia baridi ku miguu. Bateja balinungunika. Mama mumoja aliangalia ule mutu bila gidoni, akasema: «Mulimunyanganya, ataanguka maskini.»

Sasa, kitu yenye ilitupata.

Mama Masika alikuwa anaenda kununua bitenge Dubai, kupitia Kasindi na Kampala. Ku Congo vijana banapigana. Ku Dubai bamama ba Butembo na bamama ba Kinshasa balikuwa banalala mu hoteli moja, banakula sahani moja, na kubishana bei na Muhindi mumoja. Kule alikutana na binamu ya Puati, mwenye alikuwa anauza bitenge Kinshasa. Binamu akasikia «Butembo» akaanza kulia. Akasema Puati wao alikufa kule, kamio yake iliangukia mu risasi, jina ilifika mu nyumba. Balishalia. Kaka yake mukubwa anataka kufunga kilio, kufanya matanga kubwa na kugawanya minazi yake. Mama peke yake alikataa. Alisema barua mutu yeyote anaweza kuandika, na sauti ya foni mutu yeyote anaweza kuigiza. «Munipatie kitu macho yangu inaweza kushika.» Mais aliacha kula samaki, na alianza kuchoka kukataa. Balimupatia mupaka mwanzo wa kiangazi.

Mama Masika alitueleza hii mu studio yangu, amesimama. Puati alisimama. Alivua koti yake.

Nilifanya ile picha na nguvu zangu zote. Nilimuvalisha chemishi ya maua, nikamusimamisha mbele ya bahari yetu mupya, juu mama ni mutu wa bahari, afurahi. Pelikule ya rangi hakukuwa, barabara ilifunga, nikapiga nyeusi na nyeupe. Usiku nikakaa na kreyo. Maharagi ya bazazi ilikuwa imemukausha mashavu, nikaijaza. Mikunjo ya macho, nikaifuta. Mvi, wino. Nikasema mama asimuone amekonda, atalia zaidi. Ilikuwa retushi muzuri kuliko zote nilishafanya. Puati alipoiona akasema: «Njo vile nilikuwa siku nilitoka nyumbani.» Nikachukua hii sawa sifa.

Mama Masika aliipeleka kwa binamu ku Dubai, akangojea jibu ya Moanda, akarudi kisha wiki tano. Aliingia studio bila kubisha, akakaa. Mwalimu alikuwa pale. Alimwangalia yeye, hakuniangalia mimi.

«Mwalimu, picha ilifika,» akasema. «Mama aliipokea na mikono mbili. Alisema ni ya zamani. Alisema hii ni bahari ya kwetu, na ule ni mutoto yangu namna alikuwa mbele ya kwenda.»

«Na stampi ya studio nyuma?» Puati akauliza.

«Kaka yako alisema stampi banachonga popote.» Akakunja kitenge yake, akaifungua. «Balishaitia mu kadre ya kioo. Njo picha yenye itakaa ku meza ya matanga.»

Mu kazi yangu yote nilipata sifa mingi. Ile njo ilikuwa kubwa, na sikuweza kuimeza. Picha yangu ilikuwa muzuri mupaka balimuzika nayo mutu mwenye alikuwa ameketi ku kiti yangu.

Mama Masika alisema anapanda tena gari ya Kasindi siku ya ine, na hii njo safari ya mwisho mbele ya kiangazi. Alitoka. Tulibakia babili. Puati aligeukia dekoro.

«Papa Foto, rudisha gidoni.»

Nikajifanya sikusikia.

«Rudisha gidoni. Na magurudumu.»

«Mwalimu, siku tatu ulinifundisha kuitoa. Wewe mwenyewe ulicheka mupaka ukakaa chini.»

«Nilicheka juu ku dunia yote hakuna bahari ingine sawa ile. Njo maana naitaka.»

Nilitaka kumuambia apige picha mbele ya ukuta, na karatasi ku mukono. Mais karatasi mama hasome, na ukuta iko popote. Nikauliza na retushi namna gani.

«Hapana kugusa,» akasema. «Acha mvi. Acha mashavu. Mama anione vile niko.»

Mutu mwenye alijitengeneza mwenyewe hapende kuharibisha kazi yake mbele ya batu. Nawaambia kweli, nilikasirika. Bahari yangu ilikuwa imepona, sasa aniombe niigonjweshe. Nilichukua burosi na kuiweka chini mara mbili. Ile neno ya Mzee Paluku njo ilinisukuma. Alikuwa ameshaingia mu udongo miaka mingi, mais nilimusikia sawa iko mu labo: mama yake atauliza ule ni nani. Mama aliuliza. Miezi mingi alikuwa anauliza, na mimi nilimujibu na mutu wa zamani.

Nilichora gidoni kubwa kuliko ya kwanza. Nilirudisha magurudumu, na upande moja ya wimbi nikarudisha mashamba. Kwa biazi nikaweka tumajani. Kesho yake, saa ine ya asubui, rangi haijakauka, Puati alisimama mbele na koti yake ya baridi yenye ilipasuka ku kiwiko. Magoti alikunja kidogo, mukono ya kuume aliiweka pale gidoni iko, sawa anaishika. Nikahesabu. Ku tatu akacheka, na ile jino ya kuvunjika ikaonekana. Nikapiga hapo hapo.

Mu labo sikugusa kreyo. Mikono ilikuwa inanikula. Niliitoa vile vile ilivyo: mutu mwembamba, mwenye mvi, mwenye miaka kuliko miaka yake, anacheka juu ya chukudu mu bahari yenye kulimwa. Niliona haya kuweka stampi yangu nyuma. Niliiweka.

Wiki zile Puati alifundisha sawa kawaida. Kiangazi ilianza, vumbi ikapanda mu mugini. Siku moja alikuja, akakaa, akaenda. Mimi nilipiga picha za komunyo ya kwanza na sikukumbuka hata moja.

Mama Masika alirudi siku ya posho, mbele ya siku ya Mungu, mangaribi. Safari hii alituma mutu kuniambia nimuite Mwalimu, na kwangu alikataa kuanza mbele ya kunywa chai. Hapo nikajua. Mutu wa habari mubaya haombe sukari.

Alisema picha ilifika ku Moanda siku tatu mbele ya matanga. Samaki ilishanunuliwa, bingi, na meza ilishawekwa. Mama alibeba picha mupaka ku mulango, ku mwangaza. Aliita ule kaka mukubwa, akamuonyesha na kidole, akauliza hii ni kitu gani ku bahari. Kaka akasema hajue. Na Mama Masika, mwenye alisikia kila neno kwa binamu na hakutaka kunipunguzia hata moja, alirudilia namna mama alisema:

«Mimi najua. Ni ile kinga ya mbao ya batu ba milima. Hapa kwetu hakuna mupumbafu mwenye anaweza kuchora bahari mubaya vile. Na muangalie mvi: hapa hakutoka na hata moja. Mutoto yangu iko huko kwao, anazeeka. Ile samaki, mupike tukule.»

Puati aliweka kikombe chini polepole. Halafu alishika mukono yangu na kuikaza, hakuiachilia. Mama Masika alinirudilia ile neno ya mupumbafu mara ingine, juu ya utamu tu. «Wasingya,» nikamwambia. Mu Kinande aksanti haichagui.

Inchi iliposhonwa tena, Mwalimu alirudi kwao. Tulimusindikiza mupaka ku uwanja ya ndege ya Beni, na mu valizi yake kulikuwa maharagi kilo mbili, alisema bila hiyo atapotea. Mwaka moja kisha, alinitumia picha ya rangi. Yeye na mama yake ku muchanga ya Moanda, nyuma yao batoto bamelala juu ya mbao banarudi na wimbi. Niliiangalia sawa mutu wa kazi. Mwenye alipiga aliweka jua nyuma yao, sura zao giza, na alikata kofia ya mama. Bahari, nakubali, ilikuwa muzuri. Ilifanana na yangu, ile ya siku tatu.

Nyuma aliandika: «Mama anasalimia. Anauliza kama ule mutu wa chukudu alishafika ku muchanga.»

Hajafika. Iko pale pale ku ukuta ya studio, magoti imekunjika, mikono ku gidoni. Kahindo, ku mashini yako kuko kifungo ya kufuta mikunjo, nimekiona, inafanya mu sekonde moja yenye mimi nilifanya usiku muzima. Fanya, bateja banapenda. Acha tu mukunjo moja. Na ile bleu ya bahari ikipasuka, paka ingine, duka iko chini ya soko. Mais ile gidoni, hapana kufuta.